Friji Yenye Kipepeo

Jumanne, 11 Machi

Dada wa takwimu yuko mtaani. Anapima nani anacho, nani hana. Anauliza sakafu ni ya nini, paa ni bati au makuti, kuna redio, kuna friji. Anagusa simu yake kubwa — nyumba inageuka nukta. Kijani walionacho, nyekundu sisi wengine. Mwenye saluni kajisifu hadi basi, friji yake iandikwe ya kwanza! Nikaegesha mkokoteni, nikachungulia. Dada wa takwimu kaniambia anatafuta pengo. Nikagusa la jino langu kwa ulimi. Aibu!

Kwetu anakuja Jumatatu.

Nikawaza mtaa ukitazamwa toka juu, juu sana. Nukta tu. Zinamemeta kama taa za mbali.

Jumatano, 12 Machi

Nesi kamwambia mama, nyumba zitakazotokea chini kabisa kwenye takwimu zitapewa dawa ya sukari bure. Mama dawa yake anaiweka kwenye mtungi, kitambaa kibichi juu. Joto linaiharibu. Siku hizi ananunua nusu, halafu anaruka siku. Anadhani sioni.

Naona.

Alhamisi, 13 Machi

Wakwe watarajiwa wa dada yangu wanakuja Jumamosi. Dada kalia — wakae juu ya ndoo? Mwenye saluni katuonea huruma. Katuazima zulia, viti na friji yenyewe. "Wewe Kimya, ukiikwaruza nakunyoa mpaka nyusi!"

Nimeisukuma polepole, kama nimembeba bibi harusi. Nyeupe, stika ya kipepeo mlangoni. Watoto nyuma yangu, vigelegele. Walidhani tumeipata.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kaweka dawa ndani ya friji. Hamna kingine mle, chupa yake na jagi la maji. Kafungua tena, hachukui kitu. Kale kataa ka ndani ya friji kakamwangaza shavu. Kaegemeza chupa shavuni, kafumba macho, kacheka peke yake. Nikamwona alivyokuwa msichana.

Baadaye nikasinzia kwenye mkokoteni. Nikaota kipepeo kabanduka, kapita juu ya mabati, na kila nukta aliyotua ikapoa.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja! Shangazi wa mchumba kakanyaga zulia, katazama pembe zote, kaomba maji ya baridi. Nimefungua friji, nikammiminia — hodi! Dada wa takwimu. Jumatatu kapangiwa kwingine, eti amalizie leo.

Angefukuzwaje mbele ya wageni? Kakaa. Kauliza, mama kajibu kwa sauti ya chini chini. Mara kaona kipepeo. Kakunja uso. Mbona kama aliiona saluni majuzi? Shangazi kashusha glasi. Dada wa takwimu kachungulia ndani, kaona chupa, jina la mama juu yake. Basi kanigeukia mimi. Mimi!

"Kaka, friji hii ni ya hapa?"

Nikasema naongeza maji. Nikatoka na jagi.

Niko nyuma ya nyumba, juu ya mkokoteni. Naandika haraka, mwandiko umekuwa nyoka. Nikisema yetu, mama ataendelea kuruka siku. Nikisema ya kuazima, shangazi atabeba habari mpaka kwao, na dada atabaki hapa na aibu yake.

Dada yangu katoka. Nikajua atanisihi niseme yetu. Kavua viatu — navyo vya mwenye saluni — kakaa kando yangu. Halafu kauliza, hivi mama anachoma dawa kila siku? Kaona chupa moja tu, tena ya mwezi uliopita.

Nikatikisa kichwa.

Ndani shangazi anacheka, eti maji yamefuatwa mtoni? Mama anaita jina langu. Mara mbili sasa.

Dada kapitisha kidole kwenye ubao wa mkokoteni. Kauliza taratibu, bila kunitazama: "Peke yako utaweza kuirudisha friji leo?"

Kamba ya kuifungia nimeshaivuta karibu. Naisikia dirishani. Inanguruma pole pole, kama iko kwao.