Tiki za Babu Elia

Jumatatu, baada ya zamu

Eti Babu Elia alimeza dawa ya presha jana asubuhi! Daftari la dawa lina tiki kabisa. Jana babu alikuwa Masama kwenye kipaimara cha mjukuu wake, na vidonge vyake vilibaki hapa kituo cha wazee, kwenye kabati.

Leo karudi kichwa kinamgonga. Nikampima presha, ya juu mia moja na tisini. "Shikamoo babu, jana ulimeza dawa?"

"Dawa gani, mjukuu wangu? Nilikula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma."

Nikampelekea daftari dada Rehema, muuguzi wa zamu ya jana. Akacheka. "Wewe mtoto, tiki za wiki naweka siku moja. Nani ana muda?"

Nikafungua ukurasa wa wiki hii. Umejaa mpaka Jumapili ijayo! Babu akifa Alhamisi, Ijumaa atameza dawa.

Nikampigia daktari, nikamwambia ukweli wote. Kasema nimpe kidonge sasa hivi, nimpime tena baada ya saa moja. Rehema kaninunia, kaapa nitafukuzwa. Naogopa, kazi nyingine sina...

Lakini zile tiki nimezikata zote kwa kalamu nyekundu, nikaandika jina langu. Nikasimama mpaka babu akameza.

Ndipo nikaweka tiki. Moja.