Mkono wa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Usiitikie ukiwa umesimama. Vuta kiti, maana leo nina mengi. Mgongo unaendeleaje? Na wifi, bado anakugombeza kwa kuvuta sigara sebuleni? Sisi huku wazima, ila roho yangu ilikuwa na homa.

Juzi hospitali ilimuaga Mama, amestaafu. Ukumbi ulifurika watu wazima kwa watoto, wote waliopatikana kwa mikono yake, na wote wanamwita Mama! Mkuu wa hospitali alisimulia kwamba Mama alipoanza kurutubisha mayai ya uzazi maabarani, madaktari wenzake walimcheka, wakasema anafuga watoto kwenye chupa. Leo ndio hao wanasukumana kupiga naye picha. Nilipiga makofi kwa kijicho. Nilikuwa nimesusa, nikaketi nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo.

Mbele, ubavuni mwa Mama, aliketi nani? Wa Kwanza, bila shaka. Mtoto wa kwanza wa maabara ile, ambaye picha yake ilitundikwa juu ya zetu. Unakumbuka alipougua surua, Mama akahamia kwao, Baba akatukaangia mayai asubuhi, mchana na jioni? Sasa yeye ni daktari pale pale, na Mama akimtaja uso unamchanua. Mimi huniuliza tu kama nimekula.

Sasa kaa vizuri, kaka. Miaka yote mliyonitania kwamba sizai kwa maringo, mirija yangu ya uzazi ilikuwa imeziba. Nilihangaika kliniki za mbali, nisije nikawa mgonjwa mmoja zaidi kwenye foleni ya Mama. Zote ziligonga mwamba. Mwishowe nilimwendea, naye hakunisuta. Alisema kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu itakuwa yangu.

Siku ya kupandikiza yai lililorutubishwa, nikiwa nimelala kitandani, Mama aliingia, akavaa glovu, mara akazivua na kutoka. Aliyeendelea ni Wa Kwanza. Wallahi nililia kwa hasira. Hata hili langu kampa yeye!

Basi pale ukumbini Wa Kwanza alinifuata nyuma. Alisema amefanya kazi na Mama miaka mingi na hajawahi kuona mkono ule ukitikisika. Siku yangu ulitetemeka mpaka akashindwa kushika mpira wa kupandikizia. Mama alikwenda kuketi kwenye benchi wanakosubiri waume za watu, akapakata viatu vyangu mpaka nilipomaliza. Niliinua macho. Mama alikuwa amewapa mgongo wapiga picha, ananitafuta mimi.

Nina mimba, kaka. Mama alipoambiwa aliniuliza kama nimekula, nami safari hii nilimwelewa.

Nisalimie wifi na watoto, na sigara uache. Wa Kwanza ameomba mtoto amwite mama mdogo. Nimemjibu nitafikiria, wivu nao si nguo, uvuliwe mara moja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba