Mbegu za Mama Mkwe

Alhamisi, 9 Januari 2025
Mama mkwe amefika kutoka Masisi, kwa miguu! Kijiji kizima kimekimbia. Hakubeba nguo wala sufuria — gunia la maharagwe tu. Nikafurahi, chakula! Akanikata jicho: "Hii haiko ya kula, mama Bénita. Ni mbegu. Vita ikiisha nitapanda." Haya. Gunia limekaa sebuleni kama mgeni wa pili.

Jumapili, 19 Januari
Wadudu wanatoboa maharagwe. Jana nilinunua dawa ya unga sokoni Majengo, leo mama mkwe akiwa misani nimeichanganya humo mwenyewe. Sitamwambia, asije akaona aibu. Mkwe mwema, angalau mara moja!

Jumanne, 28 Januari
Risasi tangu juzi. Soko limefungwa, maji ya bomba hakuna. Bénita, mtoto wangu, analia njaa. Mama mkwe amefungua gunia mwenyewe, machozi yanamtoka. Nikamwambia yana dawa. Akasema anajua, kwao wanaoshaga tu, hakuna mwenye alishakufa. Nikadhani aliniona nikiitia. Tukaosha kwa maji kidogo, tukapika. Yalikuwa matamu, niseme ukweli.

Jumatano, 29 Januari
Bénita! Mate yanamtoka, anatapika, anatetemeka. Mboni za macho ndogo kama ulezi. Nimemwita Perpétue, muuguzi, jirani yetu. Nikamweleza maharagwe yalikuwa na dawa. Akauliza: dawa gani? Nikasema: niliyonunua Majengo. Mama mkwe akashtuka: "Majengo? Dawa ni yangu, nilitia kule kwetu." Tukaangaliana. Dawa mbili!

Perpétue anasema seli za ini husafisha sumu moja kidogo kidogo. Zikija mbili, moja inazizuia kufanya kazi, nyingine inabaki mwilini inafanya inavyotaka. Sisi tumeumwa tumbo tu. Seli za mtoto wa miaka minne zitaweza wapi? Sindano ya kuondoa sumu ipo hospitali, na hospitali imejaa majeruhi. Mume wangu Célestin ametoka kuitafuta, risasi zikilia. Mimi nimemshika mtoto mkono, basi. Sina lingine. Naogopa.

Alhamisi, 30 Januari
Célestin hajarudi. Bénita amefungua macho! Anatetemeka kidogo tu. Ameomba chakula.

Chakula! Perpétue hana, majirani hawana. Ndani kuna gunia tu. Mama mkwe ameosha maharagwe tena na tena kwa maji ya mvua. Sufuria inachemka. Amesimama na bakuli, ananitazama.

"Mama Bénita, niyatie ao niyamwange?"

Ameuliza tena. Bénita anaita, mama, njaa. Na mimi nimeinama hapa naandika, ili nisimjibu —