Munganga Aliuliza Jina Lako

Mama mukwe, jambo sana, wewe pamoja na magoti yako!

Hapa Kasongo iko joto, lakini mboga ya sombe ni tamu. Wanganga wa hospitali wanatafuta wazee wenye akili timamu, wakapigwe picha ya bongo Kinshasa. Mashine hupima bongo zetu kwa mfano wa bongo za Wazungu, basi mutu muzima anaweza kuitwa mugonjwa. Sasa wanataka mfano wetu wenyewe.

Kwanza wanapima kumbukumbu. Munganga mugeni akaniuliza: "Mama mukwe wako anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Mwanamuke gani mwenye heshima hutaja jina hilo kwa kinywa chake? Akaandika: amesahau. Mama aliyenifuata, kimya. Wa tatu, kimya. Kufika saa sita, wamama wote wa Kasongo wana ugonjwa wa kusahau! Nesi wa hapa akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akamueleza mugeni desturi yetu.

Nimechaguliwa, mama! Utunze magoti, nakupenda.

Jina lako kwenye barua hii ameliandika motari anayekuletea. Nilimwambia tu: "Ni yule mama wa Kabambare anayepiga kelele kuliko pikipiki yako." Akakujua palepale.

Mukwe wako