Nimeamua Kuirekebisha Kompyuta Yetu, Dada

Dada Leokadia,

Wiki iliyopita nilifunga duka mapema nikaipeleka kompyuta yetu kwa fundi. Nilipanda bodaboda, boksi lake nimelipakata, dereva akaniuliza kama ni betri ya sola. Nakuandikia kwa sababu tangu zamani kila jambo la mashine hii tuliliamua sote wawili, na safari hii nimeamua bila wewe.

Unakumbuka tulivyoipokea stesheni. Ilitoka Tabora kwa treni, mtumba, imeviringishwa kwenye blanketi na kufungwa kamba. Ulikataa isiwekwe kwenye mkokoteni, eti itatikisika. Ukaibeba kichwani mpaka dukani kwetu Kashaulili, mimi nyuma yako na monita, watu wanatuangalia. Nyumbani Usevya walikuwa wanasema tumeacha mpunga kwa ajili ya kitu kinachotegemea umeme wa Mpanda. Ulijifunza kuchapa mwenyewe, kidole kimoja kimoja, halafu ukanifundisha mimi. "Usiangalie mikono, Vero. Angalia neno."

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kadi za harusi, na tukakosea jina la bibi harusi. Tulizichapa zote upya kwa karatasi zetu, wewe unacheka mpaka ukakaa chini. Baadaye zikaja barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, ratiba za mazishi. Ya kwako niliichapa hapo hapo, kwa mpangilio ule ule uliokuwa umeutengeneza wewe. Siku hiyo sikulia. Nililia wiki iliyofuata, printa ilipokwama nikageuka kukuita.

Sasa nikueleze hali ilivyokuwa. Asubuhi nilikuwa naiwasha, nafagia, napanga madaftari, namwagia maji mlangoni vumbi litulie, nikirudi bado haijafunguka. Wateja wanasubiri kwa adabu, halafu wanavuka barabara kwenda duka la pili lenye mashine mpya. Wanaaga tu.

Halafu akaja mama mmoja wa Katumba na binti yake, kuomba chuo, siku ya mwisho ya maombi ya chuo hicho. Tulikuwa tumejaza karibu kila kitu, kompyuta ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, tukaanza upya. Ikaganda tena. Yule mama hakunilaumu. Alisema, "Dada, sisi tumetoka mbali. Tuambie tu ukweli kama itawezekana." Nilifunga mlango nikawapeleka mwenyewe duka la ng'ambo, nikakaa nao kwenye foleni mpaka maombi yakatumwa. Wakati wa kurudi nilijua siwezi kuendelea hivi.

Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue mpya. Hela ilikuwepo, dada, ila ni ile tuliyomwekea Anjela. Mwanao amemaliza kidato cha sita na anataka uuguzi. Baba yake tangu aondoke hajamuulizia. Tukiwa tunachambua mchele nilimweleza shida ya duka, akaniambia, "Mama mdogo, nunua tu mashine. Mimi nitaomba mwakani." Alisema bila kuinua macho kwenye ungo. Nilimjibu kwamba nitafikiria, na kweli nilifikiria, maana duka likifa leo, ada ya mwaka wa pili itatoka wapi?

Ndipo nikaenda kwa Kulwa, yule dada wa Makanyagio anayetengeneza kompyuta. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaiwasha na kuikagua taratibu.

"Mashine yenyewe ni nzima," akasema. "Kinachokuchelewesha ni diski. Hii ni ya zamani, inazunguka, na imechoka. Nikikuwekea SSD, ambayo haizunguki, na nikakuongezea RAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, utafanya kazi zako vizuri. Ila nikwambie mapema, programu zinazotoka sasa nyingine hazitaikubali. Hapa unanunua miaka michache tu."

"Ingekuwa yako ungefanyaje?"

"Ningekuwa nahariri video, ningeachana nayo. Kwa kuchapa na kujaza maombi, ningeirekebisha."

"Na vitu vya dada yangu vilivyomo?"

"Nahamisha vyote. Hakuna kinachopotea."

Nikakaa kwenye benchi lake nikiwaza wewe ungesemaje. Nilitegemea nisikie sauti yako, sikusikia. Nilichokiona ni Anjela na ule ungo. Nikamwambia Kulwa aanze.

Gharama imetoka kwenye mauzo ya duka, ya Anjela haikuguswa. Siku ya kwanza niliiwasha nikachukua fagio, na kabla sijafika mlangoni ilikuwa imeshafunguka. Niliizima nikaiwasha tena, nihakikishe. Siyo mpya, nisikudanganye. Feni bado inanguruma na monita ina ule mstari wa kijani pembeni. Nimeanza kuweka akiba ya nyingine, kidogo kidogo, maana Kulwa alisema wazi kwamba hii itafika mwisho wake. Lakini wateja wameanza kubaki.

Jumamosi tulijaza maombi ya Anjela. Alisoma majibu, mimi nikachapa. Jina, shule, matokeo, chuo anachotaka. Tukafika kwenye mzazi au mlezi. Nilisita, sikujua niandike nini. Anjela akataja jina langu lote, herufi kwa herufi, kama ananiona sijui kuliandika.

"Uhusiano?" nikauliza.

"Andika mama."

Nikamtazama. Nikaandika, nikabonyeza kutuma, na maombi yakaenda mara moja.

Nilitaka uyasikie haya kutoka kwangu, dada. Pumzika.

Mdogo wako,
Vero