Wageni wa Mdogo Wako

Mume wangu,

Sisi huku tu wazima. Mtoto ameota meno mawili, na cherehani yangu imepona baada ya kubadilishiwa mkanda.

Mdogo wako naye amepata kazi ya kutembeza watalii mtaani kwetu. Wanaruka mitaro na kamera zao, wakitazama tunavyoishi. Fundi viatu anawafurahia kwa kuwa wananunua ndala zake. Mama mwenye nyumba amenuna: "Kwani sisi ni maonyesho?" Mimi sikuwa na upande.

Juzi akawaleta hadi mlangoni kwetu. Nikawakaribisha, nikaendelea kushona. Mama mmoja wa makamo akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Nikamuuliza shemeji kulikoni.

Akainamisha kichwa. "Nimewaambia wewe ni mjane. Wakisikia hivyo wanaguswa, shem. Ni maneno ya kazi tu."

Nikasimama. "Waambie mume wangu yu hai, yuko mbali kikazi."

Akawatafsiria, uso umemshuka. Yule mama akatabasamu, akauliza utarudi lini.

Nikarudi kuketi kwenye cherehani. Mdogo wako akanitazama, kisha akamjibu kwa lugha yao. Sikumuuliza alisema nini.

Baadaye aliniomba radhi, nami nikamsamehe. Sasa wageni wake anawapitisha njia ya nyuma, na fundi viatu ananilaumu kwamba nimemfukuzia riziki. Nimemwambia avumilie.

Tafadhali niandikie. Hata kama hurudi, niandikie, nijue la kuwajibu watu.

Ni mimi,
Mkeo