Nimekaa Mahali pa Kimanzi

Jumatano, 5 Septemba 1984
Maji tena, kabla jua halijawa kali. Shimo la mtoni limezidi kwenda chini, nachota kwa kikombe. Punda alikataa kutembea. Kwa mguu huu unaoniuma, ningekuwa punda hata mimi ningekataa.

Mchana kanisani, maombezi ya akina mama. Hapa kwetu Zombe mgonjwa akiwa mbali, mtu wa nyumba yao hukaa kwenye kiti katikati kwa niaba yake, wengine wakamwekea mikono. Nimekaa tena mahali pa Kimanzi, mdogo wangu. Yuko hospitali Nairobi, tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Mikono ilinilemea kichwani mpaka shingo ikauma. Mama Kavata aliomba kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayeuliza bei. Wengine walipiga kelele. Naogopa sana.

Jumapili, 9 Septemba
Kondakta wa basi la Nairobi aliniletea salamu za Ndinda, mke wa Kimanzi. Mumewe amekunywa uji. Ameketi kitandani. Nililia hapo hapo sokoni bila aibu. Juzi juzi hakuweza hata kujigeuza.

Pasta aliposikia akatangaza kanisani: "Mungu ameshajibu. Anayeomba tena, anaomba kwa mashaka. Sasa ni kushukuru tu." Ati kumwombea Kimanzi ni kumkosea Mungu adabu. Tukasema Amina. Mama Kavata sikumsikia, lakini yule meno yamemwisha, huenda alisema.

Jumatano, 12 Septemba
Kiti alikikalia mtu mwingine. Nikaanza, "Bwana, mkumbuke Kimanzi," mke wa pasta akanigusa bega. "Mama Mwende, sema asante." Nikasema asante. Hata nikiwa peke yangu jikoni sikuomba. Nilijizuia kama mtoto aliyekatazwa sukari. Moyo hautulii.

Jumapili, 16 Septemba
Ibada ya shukrani. Nilitoa mbuzi, yule mmoja aliyebaki na nyama. Wenzake ni ngozi na macho. Watu walikula. Njaa hii, nani atawalaumu? Sufuria za mahindi ya muthokoi zilirudi kama zimeoshwa.

Pasta alinisimamisha nishuhudie. Nilishuhudia vizuri. Nilisema Kimanzi amepona. Wakapiga makofi, nami nikaamini.

Jumanne, 18 Septemba
Kimanzi amekufa.

Ndinda alishuka kwenye basi na kitambaa cheusi kichwani, nikajua kabla hajafika. Alikufa Jumamosi asubuhi. Jumapili sisi tunakula mbuzi. Alianza kuzidiwa katikati ya wiki, wakati huku hakuna hata mmoja aliyekuwa akimwombea. Tulikuwa tunashukuru.

Nina hasira na pasta. Nina hasira na Mungu. Na huu mdomo wangu uliosema amepona, sitaki hata kuulisha.

Jumamosi, 22 Septemba
Tumemzika. Ardhi ngumu, wachimbaji walianza jana. Pasta alisema ni mapenzi ya Mungu. Habari ya mbuzi hakuigusa.

Watu walipotawanyika nilimwuliza, "Tungeendelea kuomba, je?" Aliangalia viatu vyake. "Mwaitu, mama yangu, sijui." Nikanyoosha mkono nikamsalimia, kwa sababu angalau hilo lilikuwa kweli. Sijamsamehe.

Ndinda ameniambia kitu, heri angekaa nacho. Kwamba siku za mwisho Kimanzi hakujiombea. Alikuwa anatuombea sisi, mmoja mmoja, kwa majina. Mvua inyeshe Zombe. Mguu wangu upone. Mguu bado unauma. Mawingu hakuna. Sijui kama kuna anayesikiliza. Sisi tulimwacha, na yeye alikuwa huko kitandani anatutaja.

Jumatano, 26 Septemba
Sikutaka kwenda kanisani. Mama Kavata alikuja akasimama mlangoni na fimbo yake, hakuondoka. Nikachukua leso.

Kwenye kiti alikuwa Ndinda. Mtoto wake mdogo, Mumbua, ana homa, amebaki kwa nyanya yake huko Nuu. Dawa hazijamsaidia. Pasta alikaa benchi la nyuma. Akina mama wakaningoja mimi nianze.

Nilimwekea Ndinda mkono kichwani. Imani sina, hata ya kuazima. Sikusema apone. Sikushukuru. Nilisema, "Mumbua." Nikasema tena, "Mumbua." Mama Kavata naye akamtaja, kisha wengine, bila kelele. Hakuna aliyeongeza kitu.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Mkono ulipochoka niliweka ule mwingine.